Kamera ya Ulinzi Inayomwona Mtu Usiku: Namna ya Kuichagua

Karibu kila mwenye simu amewahi kutumiwa video ya mwizi aliyenaswa na kamera ya nyumbani. Ukuta unaonekana, gari linaonekana, saa na tarehe zimeandikwa vizuri pembeni, na katikati anapita mtu mwenye uso mweupe kama karatasi, hauna macho wala pua. Chini yake kuna ujumbe unaouliza kama yupo anayemfahamu. Hakuna anayeweza kumfahamu, hata mama yake mzazi. Mwenye nyumba alilipia kamera, rekoda, nyaya na fundi, na usiku ambao ndio hasa aliuhofia, vitu vyote hivyo havikumsaidia.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake. Karibu na ikweta usiku huwa wa takribani saa 12 mwaka mzima, na jua likishazama giza halichelewi. Nusu ya maisha ya kamera ni gizani. Lakini dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, kamera huonyeshwa chini ya taa kali, na swali la kwanza la mteja huwa ni moja: ina megapikseli ngapi? Hilo ni swali la mchana. La usiku ni hili: mwanga kiasi gani utatoka usoni kwa mtu anayetembea na kuingia ndani ya kamera? Ukilishika swali hilo, utaweza kuchuja karibu kila kitu ambacho muuzaji atakuambia.

Kihisi kwanza

Nyuma ya lenzi kuna kipande kidogo cha silikoni kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Hicho ndicho kihisi. Ukubwa wake huandikwa kwa sehemu ya inchi: 1/2.8, 1/1.8, 1/1.2. Wengi hudanganyika hapa wakadhani 2.8 ni kubwa kuliko 1.8. Hizi ni sehemu, kwa hiyo nambari ya chini ikipungua, kihisi kinakuwa kikubwa zaidi. Cha 1/1.8 kina eneo linalokaribia mara 2 ya kile cha 1/2.8, na cha 1/1.2 kinakaribia mara 4.

Chukua sasa kihisi cha 1/2.8, ambacho kimo ndani ya kamera nyingi za bei ya kawaida. Kikigawanywa katika pikseli milioni 2, kila pikseli inakuwa na upana wa mikromita 2.9 hivi. Kikigawanywa katika pikseli milioni 8, upana unashuka hadi takribani 1.45, na eneo la kila pikseli linabaki robo tu ya lile la kwanza. Mchana huoni tofauti, kwa sababu jua la saa sita linamwaga mwanga unaofika luksi 100,000. Usiku wa mwezi mpevu mwanga haufiki hata luksi 1. Ukiugawanya mwanga mdogo namna hiyo kwa pikseli ndogo milioni 8, kila moja inapata chembe tu, na kamera inalazimika kuikuza ishara hiyo kwa nguvu. Inapoikuza, inakuza na chenga pamoja nayo. Ndiyo sababu kamera ya megapikseli 8 ya bei nafuu inaweza kushindwa usiku na kamera ya megapikseli 2 iliyotengenezwa vizuri.

Uwiano ninaoupendekeza ni huu: megapikseli 2 kwa kihisi cha 1/2.8, megapikseli 4 kwa kihisi cha 1/1.8, na megapikseli 8 kwa kihisi cha 1/1.2. Zote tatu zinakuachia pikseli ya takribani mikromita 2.9. Kama fedha zako zinatosha kamera moja nzuri tu, na nyingine ziwe za kawaida, nunua hiyo ya megapikseli 4 yenye 1/1.8 na uiweke mahali ambapo kila anayeingia lazima apite.

Kwenye boksi utaona megapikseli kwa herufi kubwa. Ukubwa wa kihisi mara nyingi haupo pale. Muulize muuzaji namba kamili ya modeli, kisha itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji ukasome karatasi ya vipimo. Mweleze tu kwa adabu, "Naomba namba ya modeli niisome kwanza, nitarudi." Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hakasiriki. Usipoona popote ukubwa wa kihisi, hesabu kwamba ni kidogo.

Baada ya kihisi, tazama upenyo wa lenzi, unaoandikwa kwa herufi F. Nambari ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni kubwa. Lenzi ya F1.0 hupitisha mwanga mara 4 ya lenzi ya F2.0, na zaidi ya mara 2 ya F1.6. Ina gharama yake: sehemu ya picha iliyo kali kwa umbali inakuwa fupi, kwa hiyo vitu vilivyo karibu sana na kamera vinaweza kufifia. Kwa geti au kibaraza hilo halina madhara makubwa.

Kuna namba moja utakayoonyeshwa ambayo nakuomba usiitegemee. Ni ile ya luksi: "inaona hadi luksi 0.002." Kila mtengenezaji hupima kwa namna yake, na mara nyingi hupima kamera ikiwa imefungua shata, yaani lango linalopitisha mwanga, kwa muda mrefu na kukuza ishara hadi mwisho, huku mbele yake pakiwa na kitu kilichotulia tuli. Huwezi kulinganisha namba ya kampuni moja na ya nyingine. Na wanapoandika luksi 0, maana yake ni kwamba kamera ina taa yake yenyewe, ya infraredi au nyeupe. Haisemi lolote kuhusu ubora wa picha.

Mwizi hatulii

Hapa ndipo picha nyingi za usiku huharibika, na ndipo matangazo hunyamaza. Kamera ikikosa mwanga ina njia rahisi ya kujinusuru: inaacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi. Ua mzima unang'aa, maua yanaonekana na rangi zake, na mteja anafurahi. Kisha mtu anapita na anageuka kuwa mfuo wa moshi.

Fanya hesabu. Mtu anayetembea kawaida huenda karibu mita 1.4 kwa sekunde. Shata ikiwa wazi kwa 1/25 ya sekunde, mtu huyo amesogea sentimita 5 na nusu hivi ndani ya picha moja. Ikiwa wazi kwa 1/12, amesogea zaidi ya sentimita 11, na uso wa mtu mzima una upana wa sentimita 15 hivi. Akikimbia, hata 1/25 inatosha kuufuta uso wote. Kwa 1/100 anayetembea husogea sentimita 1.4 tu, na sura yake inabaki.

Kwa hiyo baada ya kufungiwa kamera, ingia kwenye mipangilio yake, au mwambie fundi aingie nawe ukiwa unatazama. Zima kile kinachoiruhusu kamera kupunguza kasi ya shata yenyewe usiku. Weka kikomo cha 1/50, na kwa kamera ya getini yenye taa ya kutosha jaribu 1/100. Picha itakuwa nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa. Ivumilie, au ongeza taa. Picha yenye giza kiasi lakini uso unasomeka ina faida kuliko ua uliong'aa na kivuli kisicho na sura. Chagua pia mpangilio wa hezi 50, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Kamera iliyoachwa kwenye 60 huonyesha mistari inayopanda na kushuka chini ya taa za umeme.

Kipengele kingine cha kuchungulia ni kile kinachoondoa chenga. Kinafanya kazi kwa kulinganisha picha zinazofuatana na kuchanganya yaliyofanana. Kikizidishwa, picha inakuwa laini ya kupendeza, ila mtu anayepita anaacha mkia nyuma yake na uso unapakika. Kishushe hadi nusu au chini ya hapo. Chenga kidogo si hasara. Macho ya mtu huzizoea na bado yakatambua sura.

Infraredi au taa nyeupe

Kamera ya kawaida ya usiku hutumia mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Magharibi inapoingia utasikia mlio mdogo ndani ya kamera: ni kichujio kinasogezwa kando ili mwanga huo uingie, na picha inageuka kuwa nyeusi na nyeupe. Taa hizi ziko za aina mbili. Za nanomita 850 zina nguvu, ila ukizitazama unaona wekundu hafifu. Za nanomita 940 hazionekani kabisa, lakini vihisi huzipokea vibaya zaidi, kwa hiyo huangaza umbali mfupi. Kwa nyumba na duka chukua 850. Mwizi akiuona ule wekundu na kujua kwamba anatazamwa, huenda akabadili nia.

Umbali unaoandikwa, mita 30 au 50, usome kwa tahadhari. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: kitu kilicho mita 20 kinapata robo ya mwanga wa kilicho mita 10, na kilicho mita 30 kinapata sehemu moja ya tisa. Kwenye mita 30 kamera itakuonyesha kwamba kuna mtu. Haitakuonyesha ni nani.

Ubaya mkubwa wa infraredi ni kwamba huondoa rangi, na wakati mwingine huipotosha. Shati jekundu na la bluu huonekana sawa, na baadhi ya nguo nyeusi hutoka kijivu au nyeupe. Ukienda kutoa maelezo polisi, "amevaa shati la kijani na suruali ya kaki" ni maelezo yenye uzito; "amevaa kitu cheupe" yanaweza kuwapeleka kwa mtu mwingine kabisa. Kwa sababu hiyo zimekuja kamera za rangi usiku, kama zile ambazo Hikvision huziita ColorVu na Dahua huziita Full-color. Hutumia lenzi yenye upenyo mkubwa, F1.0 mara nyingi, pamoja na taa ndogo nyeupe. Ni nzuri, mradi uelewe kwamba rangi hiyo inatokana na mwanga. Ukizima taa na pakawa hakuna mwanga wa barabarani, kamera inarudi gizani, na baadhi yake hazina infraredi ya kuziokoa.

Aina ninayoipenda zaidi kwa nyumba zetu ni ile yenye taa zote mbili. Usiku kucha hutumia infraredi, na ikitambua mtu huwasha taa nyeupe na kurekodi kwa rangi. Majirani hawasumbuliwi na mwanga, wadudu hawajazani, na anayeingia anashtuka kwa kumulikwa.

Hata hivyo, kabla ya kubadilisha kamera, fikiria kwanza taa ya nje. Taa ya LED ya wati 10 au 20 ikifungwa vizuri karibu na geti huweza kuifanyia kamera ya kawaida jambo ambalo kamera ya bei mara 3 haitaliweza gizani. Iweke juu ya kamera au pembeni yake, imulike upande ule ule kamera inakotazama. Ikiwa taa inaitazama kamera, kila anayeingia atakuwa kivuli cheusi. Na kwa kuwa umeme hukatika, taa hiyo na kamera ziunganishwe kwenye chanzo kimoja cha akiba. Wapo wengi walioiwekea kamera betri, taa wakaisahau. Umeme ukienda, kamera inaendelea kurekodi giza kwa uaminifu.

Uso uko umbali gani?

Kuna kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, kinachopima mambo kwa idadi ya pikseli katika kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Kwa toleo lake la mwaka 2014, kujua kwamba kuna mtu kunahitaji pikseli 25 kwa mita. Kumtambua mtu unayemfahamu kunahitaji 125. Kumtambulisha mtu usiyemjua, kiasi cha kumwonyesha mwingine akathibitisha, kunahitaji 250.

Kamera nyingi huja na lenzi ya milimita 2.8, kwa kuwa inaonyesha eneo pana, kama digrii 100, na mteja hupenda kuona ua wote. Kamera ya megapikseli 4 yenye pikseli 2,560 kwa upana, ukiigawanya kwa 250, inaweza kutambulisha mtu pale ambapo eneo lina upana wa mita 10 tu. Kwa lenzi hiyo pana, upana huo unafikiwa mita 4 kutoka kwenye kamera. Mtu akiwa mita 10, umebaki na pikseli zipatazo 107 kwa mita, chini hata ya kiwango cha kumtambua ndugu yako. Na hiyo ni hesabu ya mchana. Chenga na mtikisiko wa usiku hupunguza zaidi.

Ukipanda hadi megapikseli 8 kwa lenzi ile ile, unasogea kutoka mita 4 hadi 6. Ukibaki na megapikseli 4 na kubadilisha lenzi iwe ya milimita 6, unafika karibu mita 10, bila kuzifanya pikseli kuwa ndogo. Tofauti hii ndiyo inayonifanya nisisitize lenzi kila ninapoulizwa. Pima kwa futi kamba kutoka mahali kamera itakapofungwa hadi mahali uso wa mtu utakapokuwa, yaani mlango mdogo wa geti, mlango wa jikoni, dirisha la duka. Kama ni mita 3 au 4, 2.8 inatosha. Mita 6, chukua lenzi ya milimita 4. Mita 10, chukua ya 6. Kwa mita 20 na kuendelea utahitaji lenzi inayovutika hadi milimita 12 au zaidi, na taa ya infraredi ya kujitegemea. Kamera moja pana ya kuonyesha mwenendo wa ua, na moja nyembamba ya kunasa nyuso mlangoni, zinafanya kazi vizuri kuliko kamera nne pana zilizotapakaa kwenye pembe za nyumba.

Urefu wa kufunga nao unaamua. Fundi hupenda kupandisha kamera juu kabisa chini ya paa ili isiibiwe. Ikifungwa mita 5 juu, utapata mkusanyiko mzuri wa kofia. Mita 2.5 hadi 3 ndiyo urefu wa nyuso. Ukihofia kuvunjwa, funga nyingine mahali pa juu iitazame hiyo ya chini.

Namba za magari ni kazi tofauti kabisa, na kamera ya getini haiwezi kuzifanya zote mbili usiku. Kibao cha namba hurudisha mwanga, na taa za gari huipofusha kamera. Kamera ya namba inahitaji lenzi nyembamba, shata ya 1/500 au kasi zaidi, na infraredi. Picha yake itakuwa nyeusi tupu isipokuwa kibao chenyewe, na ndivyo inavyotakiwa. Ukitaka namba, nunua kamera ya kazi hiyo peke yake.

Mahali pa kufunga

Infraredi humrudia aliyeitoa. Kamera ikifungwa karibu na ukuta uliopakwa chokaa, au chini ya paa linalojitokeza kwenye picha, mwanga hugonga weupe huo na kurudi, kamera hudhani pana mwanga wa kutosha, na kila kilichoko mbali kinatoka cheusi. Isogeze hadi ukuta utoke kwenye picha. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke kamera ndani ukatarajia ione nje kupitia kioo cha dirisha. Mchana itaona. Usiku itajiona yenyewe.

Umbo nalo lina neno. Zile za kuba la kioo huvutia kwa macho, lakini vumbi au matone yakishika kwenye kuba, infraredi hutawanyika ndani na picha inakuwa ukungu. Zenye umbo la jicho, ambapo taa imetenganishwa na lenzi bila kioo cha pamoja, huhimili vizuri zaidi. Ukiwa Zanzibar, Tanga, Mombasa au Lamu, ongeza chumvi ya bahari juu ya vumbi: utando wake hauonekani mchana, lakini usiku unaangazwa wote. Huko tafuta kiwango cha kuzuia vumbi na maji cha IP66 au IP67, na skrubu zisizoshika kutu.

Wadudu ni adui ambaye hakuna karatasi ya vipimo inayomtaja. Msimu wa kumbikumbi taa nyeupe hugeuka kuwa soko lao, na mdudu mmoja karibu na lenzi hung'aa kuliko mtu aliye mita 8. Buibui hufuata wadudu na kutanda utando wake mbele ya kioo. Dawa iliyo nzuri ni kutenga taa na kamera: funga taa ya infraredi au ya kawaida mita moja au mbili pembeni, na kama kamera inaruhusu, zima ile iliyo mwilini mwake. Taa yenye mwanga wa manjano huvuta wadudu wachache kuliko nyeupe ya bluu.

Kamera za betri na jua zimeenea mashambani na kwenye viwanja visivyojengwa. Zinafaa pale ambapo umeme haupo, lakini nyingi hulala hadi kitambuzi cha joto kiziamshe, na katika kuamka huko sekunde ya kwanza, ambayo mtu alikuwa ametazama mbele, hupotea. Zielekeze ili mtu akatize mbele yake kutoka upande mmoja hadi mwingine. Vitambuzi hivyo humwona mapema kuliko anayekuja moja kwa moja.

Kamera ikikata usiku tu

Kuna ugonjwa ambao huwatesa watu kwa miezi: kamera inafanya kazi mchana kutwa, na giza likiingia inakatika, inarudi, inakatika. Wengi hubadilisha kamera. Kosa mara nyingi liko kwenye umeme. Taa za infraredi zinapowaka, kamera inahitaji mkondo mkubwa zaidi, na kama adapta ni dhaifu au waya wa volti 12 ni mrefu na mwembamba, volti zinashuka njiani. Waya za alumini zilizopakwa shaba juu huzidisha tatizo. Dai shaba tupu. Pima volti penye kamera usiku, taa zikiwa zimewaka, na si penye adapta. Kwa kamera za mtandao, swichi ya PoE inaepusha mengi, kwa kuwa inasafirisha umeme kwa volti zipatazo 48 hadi mita 100 kwa waya ule ule wa data.

Kujaribu kabla ya kununua zote

Usinunue kamera 8 kwa mkupuo. Nunua moja, ifunge mahali halisi, na ungoje baada ya isha. Mwombe mtu avae kofia, apite getini kwa mwendo wake wa kawaida, kisha akimbie. Usitazame moja kwa moja kwenye simu, kwa kuwa programu ya simu kwa kawaida huonyesha picha iliyopunguzwa ili kuokoa data. Nenda kwenye rekoda, fungua kile kilichorekodiwa, kisimamishe mtu akiwa katikati ya hatua, na ukuze uso. Kama mtu wa nyumba nyingine angeweza kumtaja kwa jina, nunua zilizobaki. Kama sivyo, badilisha jambo moja tu, shata, taa, lenzi au mahali, ukajaribu tena. Fundi anayekataa jaribio hili, tafuta mwingine.

Diski nayo ipangwe kwa usiku. Chenga ni ngumu kubanwa, kwa hiyo fundi akishusha kiwango cha data ili diski itoshe mwezi mzima, picha za usiku ndizo zinazoumia kwanza. Kamera ya megapikseli 4 kwa ubanaji wa H.265 ipe takribani megabiti 4 kwa sekunde. Hiyo ni gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 4 zitajaza diski ya terabaiti 2 kwa siku 11 au 12. Kama unataka siku nyingi zaidi, nunua diski kubwa zaidi.

Likitokea jambo, nakili video siku hiyo hiyo kutoka kwenye rekoda hadi kwenye flashi, kabla rekoda haijaandika mapya juu yake. Kuipiga skrini ya televisheni kwa simu kunapoteza sehemu kubwa ya ulichokilipia. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili ya waraka ili isibanwe.

Kamera iishie kwenye mpaka wako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sura ya jirani yako dirishani mwake ni mali yake. Kamera nyingi zina uwezo wa kufunika sehemu ya picha kwa kibandiko cheusi. Utumie, na mwite jirani aje aone mwenyewe.

Kila mwezi, usiku, fungua kila kamera na uitazame kwa dakika moja. Picha iliyofifia kuliko ya mwezi uliopita kwa kawaida inadai kusafishwa tu. Puliza kwanza vumbi la mchanga, kisha pangusa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo. Kitambaa kikavu kinaburuza mchanga na kukwaruza kioo, na mkwaruzo huo infraredi itaumulika kila usiku. Ondoa utando wa buibui, kaza skrubu, na hakikisha saa ya rekoda inasoma muda sahihi.